Mkono wa Dereva wa Mkate

Dereva wa gari la mkate hakuwa mtu wa kukaa. Chai aliinywa amesimama, mkono mmoja umeshika kikombe, wa pili unatafuta funguo ambazo tayari zimo mfukoni. Mkewe alishamzoea. Akimwona anazunguka meza humuuliza, "Baba watoto, kiti hicho kina miiba au mmegombana?" Naye hujibu, "Mkate unapoa," kisha anatoka, anarudi kuchukua kofia, anatoka tena, anarudi kuhakikisha amefunga bomba la uani ambalo hata hakulifungua.

Kazi nayo ilimtaka awe hivyo hivyo. Gari lenyewe lilikuwa limekwenda juu kama kabati lililotiwa magurudumu, na kreti za mkate zilipiga kelele nyuma njia nzima. Kila duka aliruka chini, akashusha, akatania kidogo, akapanda. Wenye maduka walimwita Siafu. Wakisikia kreti zinagongana huko mbali wanasema, "Fungua mlango, Siafu kaja."

Mahali pamoja tu alitulia. Mbele ya shule ya msingi, pale njia ya vumbi inayotoka mtaani inapoikuta barabara kubwa, palikuwa na mistari myeupe ya kuvukia watoto. Ilikuwa imefifia hata mgeni angedhani kuna mtu alimwaga maziwa. Madereva wengi hawakuijali. Siafu aliijali. Kila asubuhi alisimamisha gari kabla ya mistari, akatoa mkono dirishani, akaupunga kwa madaha kama anayefagia hewa. "Haya wanangu, piteni, piteni!"

Watoto wakapita mbele ya gari, hawa wanakimbia, hawa wanaburuza mabegi, huku wanaimba, "Asante Mjomba Mkate!" Kwa muda ule mdogo miguu yake haikuchezacheza. Magari ya nyuma yalipiga honi, yeye hakuyasikia. Alijiona mtu mbele za watu.

Ndiyo maana alisema kwa kujiamini kabisa siku ile dada yake alipoigomea baiskeli ya mtoto. Huyu dada, mdogo wake wa kumfuata, alikuwa akifua mashuka hospitalini na alitoka nyumbani mapema sana. Binti yake alitembea peke yake mwendo mrefu, akafika shule amechoka na kengele imeshalia. Siafu alikuwa amempatia baiskeli ya mtumba, akaipaka grisi, akabadilisha breki. Mama mtu hakutaka hata kuitazama.

"Kaka, barabara ile ni ya vichaa."

"Vichaa wote nawajua, nafanya nao kazi. Halafu mimi nipo pale kila asubuhi. Nitamvusha kwa mkono wangu huu."

"Kweli?"

"Si nimeshasema, mama? Unataka tuandikiane?"

Basi binti akaanza kwenda kwa baiskeli. Nyumbani walimwita Cherehani, kwa sababu mdomo wake ukishaanza hausimami mpaka uzi ukatike. Alikuwa anafika wa kwanza darasani, na jioni alisimulia safari nzima tangu pedali ya kwanza, hata mama yake akaanza kucheka.

Asubuhi moja Siafu alikuwa amechelewa, maana oveni ya kiwandani ilikuwa imesumbua. Aliendesha huku anaupiga usukani kwa vidole. Hata hivyo, alipofika kwenye mistari alisimama kama kawaida. Cherehani alikuwa mbele ya wenzake, upande wa abiria wa gari, mguu mmoja chini, mwingine juu ya pedali. Siafu akatoa mkono, akapunga. Binti akauona mkono, akatabasamu, akakanyaga.

Nyuma ya gari la mkate kulikuwa na pikipiki iliyobeba mtungi wa gesi. Mwenye pikipiki aliona gari la mkate limesimama, akadhani linashusha mkate, akalipita. Siafu alichowahi kuona ni kitu cheusi kinapita dirishani karibu na kiwiko chake. Alichowahi kusema ni "We!"

Baiskeli ilipokonywa mikononi mwa mtoto kama kitu kilichovutwa na kamba. Gurudumu la mbele lilipinda, Cherehani akatupwa kando, akakaa kitako barabarani, begi limemfunika kichwa. Pikipiki ikayumba huku na huku, ikasimama mbele.

Siafu hakujua alivyoshuka. Alimkuta mtoto amekaa, kiwiko kinavuja damu, ameshika kiatu chake kimoja na kukikagua. Mwenye pikipiki alikuja huku anatetemeka kuliko mtoto mwenyewe, na woga wake wote umegeuka makelele.

"We mtoto! Unaingia barabarani bila kuangalia? Unataka nikafie jela?"

Cherehani, asiyekosa la kusema, alisema maneno machache tu. "Mjomba aliniambia nipite."

Hakusema kwa kulaumu. Alisema kama anayejibu swali la mwalimu, mwenye uhakika na jibu lake. Hapo ndipo Siafu alipochomwa.

Siku ile alishusha mkate wa duka hili kwenye duka lile. Mama mmoja mwenye duka alizihesabu kreti, akamtazama. "Siafu, akili leo umemwachia nani?"

"Imeanguka njiani."

"Rudi ukaiokote basi, kabla magari hayajaikanyaga."

Mama wa watu alitania tu, kama siku zote. Siafu alipanda gari bila kuaga.

Alasiri akaenda kwa dada yake. Alimkuta anapiga pasi sare ya shule, na Cherehani yuko pembeni na bandeji yake. Mtoto alikuwa amemwambia mama yake kwamba alitumbukia kwenye shimo. Alipomwona mjomba akamkonyeza, maana yake nimeshakusitiri. Siafu akazidi kuumia.

"Kaka, kaa."

"Nimekaa."

"Umesimama."

Akatazama miguu yake, kweli amesimama. Akaenda dirishani, akarudi mlangoni, akashika kitasa, akakiachia. Kisha akatoa yote, moja kwa moja, bila kupumua. Dada yake aliisimamisha pasi wima.

"Kwa hiyo mwanangu alipita kwa sababu ulimpungia."

"Ndiyo."

"Na ulipompungia, ulitazama nyuma?"

"Niliwatazama wao."

"Kaka, mimi nilikupa mtoto. Sikukupa kreti."

Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha. Aliichukua baiskeli yenye gurudumu lililopinda, akaibeba hadi chumbani kwake, akafunga mlango na ufunguo akautia kifuani.

"Mama, nitachelewa kila siku!" Cherehani akaanza kulia.

"Chelewa, mama. Ilimradi ufike."

Siafu aliondoka na neno moja kichwani: nitarekebisha. Namna ya kurekebisha hakuijua, na mtu asiyetulia akikosa namna hushika ya kwanza inayopita. Kesho yake, alipofika shuleni, alilikata gari likalala barabara nzima, huku na huku hapapitiki. Honi zikalipuka. Mmoja akatoa kichwa dirishani: "Wewe wa mkate, umeinunua barabara?" Mwingine akamtukania ukoo. Watoto waliona vurugu ile wakarudi nyuma wote, na mdogo mmoja akaanza kulia, akikataa kuvuka mpaka aitiwe mama yake. Siafu alikuwa anapunga mikono yote miwili na hakuna aliyepita.

Habari zilifika kiwandani kabla yake. Msimamizi alimngoja getini. "Siafu, ukifunga barabara tena, na geti hili utalikuta limefungwa."

Siku iliyofuata akapita bila kusimama. Alikaza macho mbele, akajikaza kisabuni, akapita. Kwenye kioo cha pembeni aliwaona wamejipanga kwenye vumbi, Cherehani akiwa kwa miguu katikati yao, wote wanalitazama gari lake linavyokwenda. Hakuna aliyevuka. Nyuma yake magari yalifuatana mkia kwa mkia.

Jioni mkewe alikuwa anamenya vitunguu, yeye anaizunguka meza.

"Unazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Hebu sema."

"Nikisimama nawaponza. Nisiposimama nawaacha. Niambie wewe, nifanyeje?"

"Mimi sijui barabara. Ila nikuulize. Ukiwapungia, wao wanaona nini?"

"Wananiona mimi."

"Na nyuma yako?"

Siafu akasimama. Mkewe naye akasimamisha kisu.

Kesho yake, baada ya duka la mwisho, aliegesha gari kwenye uwanja mtupu, akashuka, akachuchumaa mbele ya bampa mpaka kichwa chake kikawa usawa wa kichwa cha mtoto. Miaka yote ile aliliendesha gari hilo na hakuwahi kukaa pale. Akaona bampa, namba ya gari, na wadudu waliokaukia kwenye wavu wa rejeta. Alipoinua macho aliona kioo, na nyuma ya kioo kiti chake. Nyuma ya gari palikuwa na uwanja mzima, na kwake ulikuwa kama haupo. Akachuchumaa pale mpaka magoti yakauma. Mpita njia akamuuliza kama amedondosha kitu.

Akaenda moja kwa moja shuleni, akaongea na mwalimu wa zamu huku anaivua na kuivaa kofia. Mwalimu alimsikiliza, akasema, "Ijumaa mchana njoo. Njoo na gari." Kisha akaenda kwa dada yake, akasimama nje ya mlango, akamwomba aje naye.

"Nije kufanya nini?"

"Kuangalia tu. Ukitaka kunitukana, utanitukana hukohuko."

Ijumaa dada alikuja kutoka kazini na aproni yake, mikono imechakaa kwa sabuni, akasimama pembeni bila kusalimia vizuri. Gari la mkate lilikuwa katikati ya uwanja wa shule. Watoto walipangwa mbele ya bampa mmoja mmoja, na mlinzi wa shule, mzee mwenye mwendo mkali wa baiskeli, alitakiwa kutoka nyuma ya gari na kupita ubavuni kwa dereva. Mtoto akimwona aseme, "Naona!"

"Naona!" wa kwanza alisema, na gurudumu la mlinzi likiwa limeshampita puani. Wenzake wakaangua kicheko. Wa pili akachelewa vilevile, wakacheka. Ilipofika zamu ya yule mdogo aliyelia barabarani, hakuna aliyecheka tena.

Dada yake Siafu alisogea bila kuitwa. Akakunja aproni, akachuchumaa pale aliposimama mtoto. Mlinzi akaja. Upepo wa baiskeli ukainua upindo wa kitambaa chake cha kichwani kabla hajafungua mdomo. Akainuka taratibu, akajipangusa magoti.

"Hata mimi ningepita," alisema. Alimwambia kaka yake, si wale watoto.

Siafu akaongea. Alikuwa ameandaa maneno mengi njiani, yote yakamkimbia. "Mkono wangu huu unasimamisha gari langu. Basi. Hausimamishi pikipiki, hausimamishi gari la nyuma. Mtu yeyote akiwapungia, msimtii. Njooni mpaka kona ya gari, simameni, toeni shingo kama kobe, mtazame wenyewe. Mwenye baiskeli ashuke, aiburuze."

"Sasa mbona ulikuwa unatupungia?" mtoto mmoja akauliza.

Mwalimu alitaka kumkemea. Siafu akamzuia. Akaivua kofia.

"Nilikuwa napenda," akasema.

Wakafanya mazoezi ya shingo za kobe mpaka kengele ikalia. Cherehani alirudia mara nyingi kuliko wote, huku anawafokea wadogo: "Toa shingo, usitoe tumbo!" Wakati wa kuondoka, mama yake alipita karibu na Siafu, akasema, "Gurudumu lile linahitaji kunyooshwa," akaenda zake. Siafu alilinyoosha jioni ileile.

Jumatatu alitoka nyumbani bila kumaliza chai. Alipoikaribia shule aliwaona kando ya barabara, Cherehani mbele, ameshuka, ameshika usukani wa baiskeli kwa mikono miwili. Siafu akapunguza mwendo. Mikono yote miwili ilikuwa juu ya usukani wake na aliibana hapo kwa nguvu. Akasimama kabla ya mistari, akawangoja wasogee kwenye kona ya gari, watoe shingo kama walivyofundishwa.

Hawakusogea.

Cherehani alimtazama, akatazama magari yaliyojipanga nyuma, akatikisa kichwa. Kisha akaachia usukani mkono mmoja, akampungia yeye. Pita. Siafu hakuelewa. Akanyoosha shingo kuuliza kwa macho. Mtoto akapunga tena, kwa haraka, kama anayefukuza kuku bustanini.

"Pita mjomba! Unatuziba!"

Honi ikapigwa nyuma. Akatia gia, akapita, jicho moja mbele, jingine kwenye kioo. Gari la nyuma yake likapita, na pikipiki, na jingine. Watoto hawakutikisika. Kisha barabara ikawa tupu, na kwenye kioo kidogo akamwona Cherehani akitazama huku, akitazama kule, akiingia na baiskeli yake, nyuma yake msururu wa wadogo. Alifika ng'ambo. Akageuka kuwangoja wa mwisho, mkono umenyooshwa kwao. Gari la mkate hakulitazama tena.

Wa mwisho Siafu hakumwona akivuka. Barabara ilipinda, kioo kikajaa ukuta na nguzo za umeme. Akainua mguu kidogo kwenye mafuta, akasikiliza, na kwa kelele za kreti hakusikia kitu. Duka la kwanza lilikuwa limeshafungua mlango, mwenyewe amesimama nje anamngoja.