Fundo la Mwisho

Fundo la mwisho la kamba lilikuwa la mtoto wa fundi viatu, na siku hiyo mtoto wa fundi viatu alikuwa kwao, kalala na homa.

Sasa nani alikuwa anaivuta?

Ngoja niwaeleze. Mimi ni kinyozi. Alasiri wateja wakipungua namwachia mwenzangu viti, naenda kufundisha watoto wa mtaa wetu kusoma, bure, kwenye chumba nyuma ya karakana ya seremala. Dada yangu ndiye aliyeanzisha, mimi nikajikuta nimo.

Tulipoanza tulipita mlango kwa mlango kutafuta wanafunzi. Mama mmoja anayefulia watu nguo alitukatiza kabla hatujamaliza salamu.

"Mimi sina mtoto."

Haya, tukapita.

Masomo yakiisha nawarudisha makwao. Kuna barabara kubwa ya kuvuka, na malori hayamjali mtu. Kwa hiyo tuna kamba yenye mafundo, kila mtoto na fundo lake. Mimi natangulia, macho kwenye magari, na watoto nawahisi kwa mkono tu. Mtaa mzima unaniita Mwalimu Kamba.

Siku hiyo tulipomaliza kuvuka nikahisi uzito kwenye lile fundo la mwisho. Nikageuka.

Alikuwepo mtoto wa kike. Mdogo, miguu mitupu, gauni kaligeuza nyuma mbele. Kalishika fundo kwa mikono miwili, ananikodolea macho.

Mwili ulinisisimka jamani.

"Huyu nani?"

"Hatumjui, mwalimu."

"Mama, kwenu wapi?"

Akazidi kulikumbatia fundo.

Wiki hiyo uvumi ulikuwa umezagaa kwamba kuna mtu anaiba watoto. Pale saluni hatukuwa na mada nyingine. Nikaona nimwahishe kwao upesi, nikambeba. Basi nilipomng'oa kwenye kamba, akapiga ukelele uliotoa watu majumbani.

"We! Unampeleka wapi huyo mtoto?" Muuza mkaa huyo.

"Natafuta wazazi wake."

"Humjui?"

"Simjui."

Hapo nikawa nimejimaliza mwenyewe.

Watu wakajaa. Pikipiki zikazimwa. "Ndiye huyu!" Mkono ukanikwida shati kwa nyuma. Mbele yangu kaka mmoja kaokota jiwe, na nywele zake nilizinyoa mimi asubuhi ile ile.

Watoto wakaanza kulia. "Mwacheni mwalimu wetu!"

Muuza mkaa akawainamia. "Sawa, ni mwalimu wenu. Na huyu mwenzenu mnamjua?"

Tumewafundisha kusema kweli.

"Hatumjui."

Sijifanyi shujaa hapa, niliogopa. Nikawa nawaza kitu kimoja tu, kwamba hawa watoto watasimama hapa waone nikiuawa.

"Mtoto wa nani huyu?" muuza mkaa akapaza sauti.

Mtaa ambao hata kuku ana mwenyewe anayejulikana, na mtoto huyu hana anayemjua.

Yule kaka akainua jiwe.

Ndipo nikasikia beseni likianguka. Yule mama wa kufua alikuwa anarudi kutoka kazini. Alimtazama mtoto, akanitazama mimi, kisha akamtazama mtu aliyenikwida. Akamtazama kwa muda.

"Mwacheni," akasema. "Ni wangu."

"Wako? Wewe si huna mtoto?" muuza mkaa akauliza.

"Ninaye. Nikienda kazini namfungia ndani, namwambia asitoe sauti. Hiyo kamba anaichungulia dirishani kila siku ikipita. Hata kamba yangu ya kuanikia nguo kaifunga mafundo. Leo sijui kufuli sikulibana." Akaanza kulia. "Ningefanyaje? Pale nilipopanga hawampangishi mwenye mtoto."

Mkono kwenye shati langu ukalegea. Nikageuka kumwona mwenyewe.

Alikuwa mwenye nyumba wa yule mama.

"Kumbe," akasema. Basi. Akajikung'uta, akaondoka.

Sasa nielewe vizuri, ndugu msomaji. Yule mama alimwona mwenye nyumba kabla hajafungua mdomo. Alijua akisema atakosa pa kulala, na asiposema mimi sitapona. Kesho yake vyombo vyake vilikuwa nje.

Dada yangu amempa nafasi chumbani kwake, wanabanana. Mtoto anasoma. Mtoto wa fundi viatu alipopona akalidai fundo lake, ikabidi nifunge jingine.

Ninyi mnaojitolea kama mimi, sikilizeni. Mlangoni tulimuuliza yule mama kama ana mtoto. Tungemuuliza anaogopa nini, mtoto asingefungiwa ndani, na mimi nisingenusurika kwa gharama ya paa la mwenzangu.

Na siku hizi, kila nikivuka, nageuka nyuma.