Siku Baba Alipong'oa Masega

Enzi zetu gari likipita Tandika ulijua limepita. Halikuwa na haja ya kupiga honi. Moshi wake ulibaki nyuma ukilitangaza, na sisi watoto tuliukimbilia kwa furaha. Lori la mchanga likikata kona, tulijitosa ndani ya lile wingu jeusi tukishindana nani atatoka na shati lililokolea zaidi. Jioni mama alitukagua pua mmoja mmoja. "Kanawe, humo ndani unachoma mkaa?" aliniuliza kila siku. Mihogo ya kukaanga tuliyonunua barabarani ilikuwa na ladha ya chumvi, pilipili na dizeli, na hakuna aliyelalamika. Vijana wa leo wakinusa moshi kidogo tu wanapandisha vioo, wanawasha kiyoyozi, kisha wanaandika mtandaoni kwamba wameonewa. Sisi tulikuwa wagumu, isipokuwa mdogo wangu Zuhura.

Zuhura alikuwa na pumu. Baba alikuwa fundi magari, na gereji yake ilikuwa uani kwetu, hatua chache kutoka dirisha la chumba tulicholala. Gari likiwashwa, Zuhura alianza kukohoa, kifua kikapiga filimbi, mama akamkimbiza kwa jirani wa nyuma. Nyumbani walilaumu vumbi, barafu za ukwaju, kulala bila fulana, na kijicho cha mpangaji mmoja ambaye hata hakuwa na habari nasi. Moshi haukushtakiwa hata siku moja, maana ndio uliotulisha. Baba aliusoma vizuri kuliko gazeti: mweusi, petroli imezidi; wa bluu, oili inaungua; mweupe, maji yamepenya. Gari lisilotoa moshi, kwake yeye, lilikuwa sawa na mgonjwa asiyetaka kusema anaumwa wapi.

Basi Mwalimu Mkude, jirani yetu, akanunua gari dogo jeupe kutoka Japani, lililotumika lakini bado linang'aa. Kila asubuhi alilipasha moto mbele ya kibaraza chetu. Zuhura alikaa pale pale na kikombe chake cha chai, karibu kabisa na eksozi, lile bomba la kutolea moshi, wala asikohoe. "Gari la mwalimu halinuki," alitutangazia. Baba hakuridhika. Alitoa leso yake nyeupe, akaishika mbele ya eksozi, akaigeuza huku na huku. Ilikuwa nyeupe vile vile. "Hili gari lina tatizo," akasema. Mwalimu akawa anatupa lifti ya shule, na muhula ule Zuhura hakukosa darasa hata siku moja. Hakuna mtu mzima aliyeunganisha mambo hayo mawili, na mimi nilikuwa na shughuli zangu za malori.

Miezi haikuwa mingi, gari likaanza kuchoka. Petroli ya siku zile ilitiwa madini ya risasi, na kumbe risasi hiyo ilikuwa ikikiharibu na kukiziba kifaa kimoja kilichofungwa kwenye bomba la moshi, chenye matundu madogo madogo, ambacho mafundi walikiita masega. Baba alilala chini ya gari, akagonga hapa na pale, akatoka na jibu.

"Mwalimu, wamelibana pumzi hili. Wajapani waoga sana."

Akakata bomba kwa msumeno, akayavunja masega kwa tindo, akalichomelea ganda tupu mahali pake. Gari lilipowashwa lilinguruma, likatema moshi na harufu ya kutosha. Mtaa mzima ulipiga makofi, na mimi nilipiga kuliko wote. Tangu siku ile baba akawa maarufu. Magari yalikuja kutoka Mbagala mpaka Tandale yakiwa hayanuki, yakaondoka yananuka.

Vipande vya masega hatukuvitupa. Mama alisugulia visigino. Bibi, mama yake baba, chetezo chake kilikuwa kimepasuka, akachagua kipande kizuri, akaweka juu yake kaa la moto na ubani, akawa anamfukiza Zuhura kila alasiri ili kifua kifunguke. Kifaa kilichotengenezwa kumpunguzia mtoto moshi, sisi tulimsogezea puani kikiwa na moshi juu yake. Huwa nacheka nikikumbuka, kisha naona aibu.

Zuhura hakuacha mazoea yake ya kibarazani. Asubuhi moja Mwalimu aliwasha gari, na kikombe cha chai kikamdondoka Zuhura mkononi. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Tulimkimbiza hospitali kwa gari lile lile, vioo vikiwa wazi apate hewa, na moshi ukituingilia njia nzima. Daktari alifanikiwa kumrudishia pumzi, akamwambia baba kwamba mtoto huyu na moshi wasikae nyumba moja. Baba hakuwa na kazi nyingine. Gereji ikabaki, na Zuhura akapelekwa Lushoto kwa mama mdogo, akiwa na miaka minane. Nililia siku tatu. Mkekani, wakati wa kula, nafasi yake hakuna aliyeisogelea.

Alipofika kidato cha tatu aliniandikia barua. Mwalimu wao wa kemia alikuwa amewaeleza kwamba moshi wa injini ukipita kwenye yale matundu hukutana na madini yaliyopakwa ndani, na sehemu kubwa ya sumu yake hugeuka kuwa mvuke na hewa isiyoumiza kifua. "Dada," aliandika, "yale masega ndiyo yaliyokuwa dawa yangu." Nilimsomea baba.

"Soma tena," akasema.

Nikasoma tena. Kesho yake alimrudisha mteja wa kwanza aliyekuja kung'olewa masega, akamrudisha na wa pili. Hawakukosa pa kwenda; fundi wa mtaa wa pili aliwapokea wote.

Idi iliyopita Zuhura alikuja na gari lake mwenyewe. Baba, ambaye siku hizi kifua chake ndicho kinachopiga filimbi, aliinama kwa taabu, akashika leso mbele ya eksozi, akaigeuza huku na huku: nyeupe vile vile. Kisha akaikunja, akaiweka mfukoni.

"Usimruhusu fundi yeyote aguse hapa chini."

"Hata wewe, baba?"

"Mie ndio wa kwanza."

Zuhura alicheka. Alikula pilau na sisi, akaanza kukohoa barabara ilipochangamka, akaaga kabla ya alasiri kama anavyofanya kila mara anapokuja kwao. Enzi zetu gari likiondoka, moshi wake ulibaki na sisi. La Zuhura haliachi hata harufu. Baba hubaki kibarazani, pale pale alipokuwa akikaa mwanawe, na kikombe cha chai kinampolea mkononi.