Bi. Kalunde na Penseli Yangu

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa kamera. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimevaa suruali ya shule niliyoipiga pasi mara mbili, na nilidhani mwenye studio angenikabidhi kamera nianze kupiga picha. Alinikabidhi ndoo. Alikuwa Mhindi mzaliwa wa Tabora mjini, Kiswahili chake safi kuliko changu, na sisi wafanyakazi tulimwita Bwana Studio.

"Maji haya utayachota, utayachuja kwa kitambaa, utayaacha yatulie mpaka kesho," aliniambia. "Vumbi la Tabora likiingia kwenye dawa, bwana harusi atatoka na ndui."

Ninyi wa leo mnapiga picha na kuiona hapo hapo, kwa hiyo nieleze kidogo. Zamani kamera ilitoa kwanza negativu, yaani picha ya kinyume: nywele nyeusi zinaonekana nyeupe, shati jeupe linaonekana jeusi. Negativu hiyo tuliisafisha kwa dawa ndani ya chumba cha giza, kisha tukapitisha mwanga ndani yake kwenda kwenye karatasi, na hapo ndipo sura ya mtu ilitoka kama alivyo. Negativu ikiharibika, picha imekufa. Kwa sababu hiyo Bwana Studio alizihifadhi zote kwenye makopo ya biskuti, kila moja ndani ya bahasha yenye jina.

Nilikaa miezi minne kwenye maji na ndoo. Baadaye alinifundisha kuwapanga wateja: kifua mbele, mikono magotini, nyuma yao pazia lililochorwa ngazi za jumba ambazo hakuna aliyewahi kuzipanda. Mwisho kabisa akanifundisha kazi aliyoithamini kuliko zote, kupamba negativu. Unapaka vanishi nyepesi juu ya negativu ili penseli ishike, kisha kwa penseli iliyochongwa kali kama sindano unajaza sehemu zinazopitisha mwanga mno. Kila kilichokuwa cheusi usoni, kovu, mkunjo, shimo la chunusi, kinafifia. Kile kinachong'aa kupita kiasi unakikwangua kwa ncha ya kisu.

"Mteja haji kununua sura aliyonayo," Bwana Studio alisema. "Sura aliyonayo anayo nyumbani."

Nilikuwa na mkono mwepesi. Ndani ya mwaka mmoja nilimzidi yeye mwenyewe, naye alikiri hivyo mbele ya wateja. Kiburi changu kilianzia hapo, na kosa ninalotaka kuwasimulia lilitokana na kiburi hicho.

Siku moja Bwana Studio alikwenda Nzega kununua karatasi, akaniacha peke yangu. Akaja mama mmoja mzee kutoka Usoke, Bi. Kalunde, akiwa na binti yake Rebeka, wakulima wa tumbaku, Wakristo wa kanisa la Moraviani. Baba yake Bi. Kalunde alikuwa mpagazi, alibeba pembe za ndovu mabegani kutoka kwetu Unyanyembe hadi pwani na kurudi kwa miguu. Bi. Kalunde alikuwa na chale za Kinyamwezi, mistari miwili ya nukta ndogo kutoka kwenye kipaji cha uso kushuka hadi taya, kila upande, na katikati ya meno yake ya juu pengo la pembetatu lililochongwa tangu usichana, kama walivyofanya wanawake wa zamani wa kwetu. Nilimwambia afunge mdomo. Akacheka waziwazi, na mimi nikabonyeza kamera bila kukusudia.

Ilikuwa picha nzuri. Ninyi mngeiacha hivyo hivyo. Mimi nilikaa nayo siku mbili dirishani na penseli yangu. Nilijaza chale moja moja, upande wa kulia kisha wa kushoto. Nikajaza pengo la meno. Nikakwangua kovu lililong'aa juu ya nyusi. Hakuna aliyeniomba. Nilitaka Bwana Studio akirudi aone mkono wangu unavyoweza, na kweli aliporudi aliitazama kwa muda mrefu, akachapa nakala ya pili na kuiweka kwenye dirisha la mbele.

Bi. Kalunde alipokuja kuchukua nakala yake aliishika mbali na macho, akaigeuza, akamuuliza binti yake, "Rebeka, huyu mke mwenzangu wamempata wapi?"

Duka zima lilicheka. Mimi pia nilicheka. Nilidhani amefurahi.

Mwaka uliofuata alifariki. Rebeka alikuja peke yake, amejifunga kitambaa cheusi, akasimama mbele ya kaunta bila kuketi.

"Nyumbani tumeiweka ile picha mezani," alisema. "Wajomba wamekuja wanauliza huyu ni nani. Kaka, mama yangu alipiga picha moja tu maishani. Nichapie ile ya mwanzo, kabla hujaishika."

Ningeweza kumwambia ukweli. Kopo lilikuwa nyuma yangu, bahasha yake ndani, jina juu. Lakini nilijua kwamba penseli imejaa juu ya ile negativu. Niliamini kuiosha kungeimaliza kabisa, na niliogopa Bwana Studio akisikia mteja analalamika kuhusu kazi ambayo sikutumwa. Nikamwambia, "Dada, negativu ile imeliwa na mchwa."

Alinitazama kidogo. "Mchwa," akasema, akaondoka.

Baada ya hapo niliajiriwa ofisi ya habari ya mkoa. Bosi wangu wa pili, Afisa Habari, alikuwa kinyume cha Bwana Studio kwa kila kitu. Nilipowapanga wakulima wa pamba kule Lusu mstari mmoja, vifua mbele, alinivuta kando. "Hawa ni watu au ni viti? Weka kamera chini. Wakisahau kuwa upo, ndipo uinyanyue." Kwake nilijifunza kusubiri. Nilipiga minada, mikutano, treni zilizochelewa, mvua za kwanza Ziba na ng'ombe wakinywa barabarani. Sikugusa penseli tena. Watu walinisifu kwa picha za kweli, na kila waliponisifu nilimwona Rebeka mbele ya kaunta.

Bwana Studio alipofunga duka na kuhamia kwa wanawe, alinipa makopo yote. "Wewe ndiye unayejua thamani yake," alisema. Niliyaweka stoo. Nikastaafu. Sikuyafungua.

Mwaka huu, baada ya misa, jirani yangu aliniletea mpwa wake, Yustina, mzaliwa wa Ziba, anayesomea upigaji picha chuoni Dar es Salaam. Alikuwa na shida. Alikuwa amejaribu kila mtindo na kila njia. Alipiga picha kwa kopo lenye tundu la sindano bila lenzi. Alilaza majani ya tumbaku juu ya karatasi ya picha akayaanika juani mpaka yakaacha umbo. Alipiga picha mbili juu ya filamu moja. Aliifuata njia ya zamani ya misafara akitafuta mandhari, akakuta bodaboda na miti ya miombo. Mwalimu wake alimwambia ameonja kila kitu na hajapika hata kimoja, na kwamba asipoleta kazi moja iliyokamilika atarudia mwaka.

"Shikamoo babu," alisema. "Nimeambiwa wewe ulikuwa unapamba negativu. Nifundishe."

"Marahaba. Hiyo si kazi ya kujifunza."

"Babu, mimi nimeshajifunza mpaka za hovyo. Moja zaidi itaniua?"

Nilimpeleka stoo. Alifungua makopo kama anafungua zawadi, akiinua kila negativu kuelekea dirishani. Nilisimama mlangoni nikiomba asiifikie ile. Aliifikia siku ya pili.

"Huyu umemfanyia kazi kweli kweli," alisema. "Noma. Uso mzima ni penseli. Nani huyu?"

Sijui kwa nini nilimwambia. Labda kwa sababu aliuliza bila kunitazama. Nilimweleza yote, dirisha, mke mwenza, Rebeka, mchwa. Kisha akainusa negativu.

"Babu, hii penseli imekaa juu ya vanishi, siyo ndani ya negativu, sivyo?"

"Juu ya vanishi."

"Na vanishi hii inatoka kwa tapentaini. Ile ya kuchanganyia rangi za mafuta. Mimi niliitumia chuoni kufuta makosa yangu." Akageuka. "Kwa nini hukujaribu?"

Nilikuwa na jibu moja tu, nikalitoa: kwa sababu ningejaribu, ningelazimika kwenda Usoke.

Hatukuanza na Bi. Kalunde. Yustina alichagua negativu tatu ambazo majina kwenye bahasha zake yalikuwa yamefutika, akapaka tapentaini kwa pamba, taratibu, kutoka katikati kwenda pembeni. Ya kwanza aliikwaruza. Ya pili ilibaki na ukungu. Ya tatu ilitoka safi kabisa, na mzee mmoja ambaye nilimfanya kijana akarudi na mikunjo yake yote. Yustina alipiga kelele mpaka shangazi yake, yule jirani yangu, akaja na mwiko mkononi akidhani nyoka ameingia.

Ya Bi. Kalunde alinipa mimi. "Wewe ndiye uliyeweka. Wewe ndiye utakayetoa."

Nilichovya pamba kwenye tapentaini, nikaipitisha mara moja, nikaona pamba imegeuka kijivu. Ile ilikuwa risasi ya penseli yangu mwenyewe. Nikapitisha tena. Tukaziba madirisha ya stoo kwa mablanketi, tukawasha taa nyekundu isiyoharibu karatasi, tukapitisha mwanga kwenye negativu, Yustina akaitumbukiza karatasi kwenye trei ya dawa. Kwanza hakukuonekana kitu. Kisha zikaja chale, nukta moja baada ya nyingine, kulia na kushoto, kama mtu anazichanja upya. Kisha lile pengo. Bi. Kalunde akatucheka ndani ya maji.

Juu ya nyusi palibaki doa jeusi. Hapo nilikwangua kwa kisu, na kisu hakirudishi kitu. Yustina alisema angeweza kulijaza kwenye kompyuta. Nilimkatalia. Lile doa ni langu.

Tulikwenda Usoke kwa basi la Urambo. Rebeka tulimkuta uani anachambua majani ya tumbaku na wajukuu wake, mzee kama mimi, mgongo umenyooka kuliko wangu.

"Mwangaluka," nikamsalimia kwa Kinyamwezi.

"Mwangaluka." Akanikazia macho. "Wewe ni yule kijana wa studio. Umezeeka vibaya."

Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Nilisema tu kwamba nilimdanganya, kwamba hapakuwa na mchwa, kwamba kopo lilikuwa nyuma yangu siku ile. Nikampa bahasha.

Alifuta mikono yake kwenye kanga kabla ya kuitoa picha. Aliitazama mpaka mjukuu mmoja akasogea kuchungulia. Kidole cha Rebeka kikafuata chale moja kutoka kipajini hadi tayani.

"Huyu ndiye," akasema. "Huyu sasa ndiye." Kisha akanigeukia. "Kwa hiyo mchwa wako walimshiba mama yangu wakamtapika?"

Wajukuu walicheka, na yeye mwenyewe akacheka mpaka machozi yakamtoka, na machozi yalipoanza hayakukatika upesi. Alisimama akaita majirani. Wanawake wakaja mikono ikiwa bado na gundi ya tumbaku, wakaipitisha picha hewani kwa ncha za vidole, na ajuza mmoja aliyemkumbuka Bi. Kalunde alipiga vigelegele akaonyesha meno yake mwenyewe, yenye pengo lile lile. Vijana wa pale hawakuwahi kujua lilikuwa urembo. Walidhani ni meno yaliyong'oka.

Rebeka hakuniambia amenisamehe, nami sikumuuliza. Alinifungia kuku mmoja miguu, akampa Yustina ambebe. "Huyo mzee wako," alimwambia, "mlishe."

Yustina aliipeleka chuoni kazi ya picha ishirini na nne, kila sura mara mbili: kama nilivyoipamba, na kama ilivyokuwa. Mwalimu wake alimpa alama za juu darasani na kumwomba azitundike kwenye korido kuu. Yustina alinipigia simu akipiga kelele kama siku ile ya tapentaini.

Nimefanya kazi ya picha maisha yangu yote, na nawaambia ninyi mnaolainisha nyuso kwa kidole kwenye simu: fanyeni, nami nilifanya. Lakini iacheni moja ambayo hamkuigusa, na mtu akija kuiomba, msimtajie mchwa. Miaka niliyoipoteza kwa uongo ule Rebeka aliishi bila sura ya mama yake, na hakuna dawa ya kuisafisha miaka hiyo.

Makopo sasa yako sebuleni. Yustina akiwa likizo tunafungua moja baada ya jingine, na habari zimeenea. Wiki iliyopita alikuja mama mmoja kutoka Lusu anatafuta uso wa baba yake, akabisha hodi na kuuliza kama mimi ndiye yule babu anayerudisha sura za watu.

Nikamwambia mimi ndiye niliyeziondoa.

"Afadhali," akasema, akavuta kiti. "Basi utakuwa unajua ulikoziweka."