Mwalimu Aliyefundishia Nje

Dada yake mwalimu wa chekechea ya mtaani kwetu, anayeishi Rongai, alinipigia simu Jumamosi asubuhi akaniambia kwamba mwalimu ametuacha. Mwalimu alikuwa amehamia kwa dada huyo tangu mapafu yalipoanza kumsumbua, na huku kwetu Kiamunyi hakuna aliyejua. Tulioona lango limefungwa, hata mimi, tulidhani amesafiri. Wasomaji wangu wataniwia radhi leo nikiweka siasa kando, maana sijapata mtu wa kuongea naye habari zake.

Alianzisha chekechea kwenye ploti yake wakati upande huu ulikuwa bado mashamba ya mahindi. Darasa lilikuwepo, ila watoto waliingia mvua ilipozidi tu. Asubuhi nzima walikuwa nje, wakichimba, wakibeba maji kwa makopo, wakipanda gogo la mgunga lililoangushwa na upepo. Mjukuu wangu, ninayemlea tangu mama yake aende kufanya kazi ng'ambo, alisoma hapo. Siku moja nilipoenda kumchukua nilikuta watoto wamelala kifudifudi kwenye nyasi, mwalimu akiwa katikati yao na sketi yake nzuri, wote wakimtazama kinyonga.

"Mwalimu, mbona anatembea hivyo?" aliuliza mjukuu wangu.

"Wewe unaonaje?"

Mtoto akafikiri sana. "Anaogopa kuamsha mtoto wake."

Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani kufuta machozi. Hakumsahihisha. Alimwambia tu aendelee kutazama, na wakaendelea, kimya, watoto ambao kwetu nyumbani hawatulii hata wakati wa kula.

Kisha nyumba zikaja, na kuta ndefu, na wazazi waliotaka daftari zijae herufi. Bado walimvumilia, mpaka asubuhi ile msichana mmoja alipoteleza kwenye gogo akavunjika mkono. Mwalimu alimpeleka hospitali mwenyewe na hakuondoka mpaka mama yake alipofika. Wiki hiyo wazazi waliitana shuleni. Nilikuwepo.

"Mimi nalipa karo mtoto asome, sio acheze matope," alisema baba mmoja, na wengi wakaitikia.

Mwalimu hakujitetea. Alisema ataliondoa gogo, na kwamba ameumia sana moyoni kwa ajili ya mtoto yule. Hapo mama wa msichana akasimama. Tulidhani atamkaripia. "Wangu anaamka kila siku akiniuliza atarudi lini kwa mwalimu," alisema. "Baba yake ameshakataa. Nilitaka tu ujue anakuuliza, mwalimu." Akaketi. Mwalimu alimshukuru, kisha akageuka akaanza kupanga viti ambavyo vilikuwa vimepangwa tayari.

Watoto waliondolewa mmoja mmoja, wangu akabaki wa mwisho. Alipofika umri wa darasa la kwanza nilimhamishia shule ya msingi, sikuwa na budi. Hata baada ya hapo nilipita kwake mara nyingi, nikamkuta amefungua lango kama kawaida, amemwagilia ile sehemu ya kuchimba ili udongo usikauke. "Labda kuna mzazi atapita," alikuwa akisema. Tulikunywa chai tukiangalia uwanja mtupu. Mimi nilifiwa na mke, yeye hakuolewa, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kumaliza chai.

Tulimzika kwao Njoro. Wengi waliokuja walikuwa watu wa kanisa na jamaa. Kutoka mtaani kwetu tulikuwa mimi na yule mama wa msichana aliyevunjika mkono. Hatukuwa tumepanga, ila tulisimama pamoja.

Jioni hiyo, nikiwa bado na uchungu, niliamua kwamba angalau nyumbani kwangu mambo yatakuwa kama alivyotaka. Nilizima runinga, nikafungua mlango wa nyuma, nikamwambia mjukuu wangu aende nje akacheze. Alitoka. Nilimwona dirishani amesimama katikati ya ua, anaangalia kuta za majirani. Akarudi.

"Guka," aliniuliza mimi babu yake, "kwani nitacheza na nani?"

Nilikuwa nimedhani mwalimu aliwapa watoto udongo na miti, na vitu hivyo hata mimi ninavyo. Kumbe aliwapa wenzao wa kucheza nao. Hilo mzazi mmoja hawezi kulileta peke yake, hata awe na ua mkubwa namna gani. Lazima tufunguliane milango. Nilivaa koti, nikamshika mkono, tukaenda kubisha kwa jirani ambaye sijui hata jina lake.