Pedeli za Mbao ya Nira

Sisi tuliokuwa watoto baba zetu waliporudi kutoka vita vya Burma tunajuana hata kabla ya kusalimiana. Ndio tuliosukuma ringi zisizo na tairi mpaka viganja vikatoka malengelenge, tuliokimbilia kumbikumbi mvua ikikatika na kuwatia mdomoni wangali wakipiga mabawa. Na karibu kila mmoja wetu ana baiskeli moja kichwani isiyomtoka.

Yetu ilikuwa nyeusi, ndefu kupita kiasi, na breki zake zilivutwa kwa vyuma virefu badala ya waya. Baba aliinunua Kitale kwa mzungu wa shamba alikokuwa karani, na hakuna aliyewahi kuona nyingine kama hiyo kutoka huko mpaka Lwakhakha, mpakani na Uganda. Kila mwisho wa mwezi aliipanda kuja nyumbani Bungoma, nasi tuliutambua mlio wake kabla hajafika konani.

Alipokwenda vitani baiskeli ilibaki ghalani na kuku wakalala juu yake. Aliporudi, mguu wake wa kulia ulikuwa umevunjika na kuunga ukiwa mfupi. Hakuutaja. Alikaa tu kwenye kiti chake akitazama barabara, na akialikwa mahali alijibu, "Nitaenda kesho." Jirani mmoja alipojitolea kumbeba kwa baiskeli yake, Baba alicheka bila furaha: "Nibebwe nyuma kama gunia la mahindi? Hapana, bana." Kesho hiyo haikufika. Wageni wakapungua, na Mama akaanza kumwangalia kama unavyoangaliwa moto unaofifia na kuni zimekwisha.

Ndipo Mama alipoitoa baiskeli ghalani. Mipira ya breki ilikuwa imelika, kiti kimechanika, na pedeli zimeoza vikabaki vyuma vya ekseli tupu. Madukani hakukuwa na pedeli iliyokubali kuingia, baiskeli ilikuwa ya zamani mno. Mama akaisukuma, akanichukua na mimi, hadi kwa Fundi Saidi wa baiskeli, karibu na msikiti. Hakubeba kifaa chochote cha mfano. Alibeba suruali ya Baba ya jeshi.

Fundi aliitandaza mezani akicheka. "Mama Nekesa, umepotea. Si fundi wa cherehani yuko pale ng'ambo?"

"Angalia miguu yake," Mama akasema.

Mguu wa kulia wa suruali ulikuwa umekunjwa na kushonwa, ukawa mfupi kwa vidole viwili. Mama aliushona kimya kimya, na Baba akauvaa kimya kimya. Fundi akaacha kucheka.

"Kwa hivyo unataka pedeli ya kulia iwe nene namna hii?"

"Namna hiyo. Na yeye akikuuliza, wewe sema mbao ndiyo ilikuwa hivyo."

Mbao ilitoka kwenye nira yetu ya ng'ombe iliyovunjika, iliyong'arishwa na jasho la shingo zao. Mara ya kwanza fundi aliacha unene upande wa juu peke yake. Pedeli ikageuka, uzito ukaning'inia chini. "Ona, imelala kama mlevi," akasema, akaitupa. Akachonga nyingine, tundu katikati na unene pande zote, ili hata ikizunguka iukute mguu. Ya kushoto akaichonga nyembamba. Mipira ya breki akaikata kutoka tairi la lori, na kiti akakishonea ngozi ya ndama iliyonuka wiki nzima.

Mimi nilikuwa mtoto wa "kwa nini", na chuo kikuu kimenizidishia tu ugonjwa huo. Mama alipoisukuma ile baiskeli uani, mafuta yakinuka na vyuma vikimeta, niliuliza kwa sauti, "Kwa nini hii moja ni nene?"

"Nira ilikuwa nene upande huo," Mama akajibu haraka.

Nira ile nilikuwa nimeichezea tangu nijue kutembea, na haikuwa na upande mnene. Nikafungua mdomo kubisha. Baba, ambaye alikuwa ameinama akizipapasa pedeli zote mbili kwa kidole gumba, akaniwahi bila kuinua uso.

"Nekesa, mama yako amesema ni nira. Basi ni nira."

Akapanda. Akayumba mpaka kwenye mipera, akajiweka sawa, akatoka langoni. Alikwenda sokoni Myanga, na kesho yake akaenda tena. Kufikia mavuno, ugali wake ulikuwa ukipoa karibu kila jioni, na Mama akawa anasimama barabarani, mikono kiunoni, akiwalalamikia majirani kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu vita vianze: "Huyu mwanaume hata hashikiki nyumbani, jameni!"

Siku hizi baiskeli ziko kila mahali. Vijana wanazifungia vioo viwili na kengele tatu, na pancha ikitokea hukaa kando ya barabara wakingoja mtu mzima apite awazibie. Pedeli mpya zinaning'inia madukani, zote zimelingana, na siwezi kuzisema vibaya kwa sababu nami ninazo. Sisi tuliosoma tunataka kila jambo liwekwe wazi, na bado naamini tuna haki. Lakini marafiki zangu waliooa na kuolewa huelezana kila kitu na wenzi wao, tena kwa Kiingereza, mpaka chakula kinapoa mke na mume wote wawili wakiwa mezani.