Turubai Juu ya Jua

Mama Dizeli hakujua kukaa kitako. Jina hilo alibandikwa na majirani enzi za injini ya kuvutia maji, maana yeye na injini yake walikuwa kitu kimoja: kelele tupu, na kunuka mafuta mpaka kwenye nguo za kutokea.

Sasa injini inaota kutu nyuma ya jiko. Juu ya paa kuna paneli za sola, na pampu inavuta kutwa nzima bila kudai hata tone la mafuta. Nyanya zake zimetambaa mpaka kwenye uzio wa wifi yake, ambaye juzi juzi naye alifunga sola kwa kushawishiwa na Mama Dizeli mwenyewe. "Jua halina bili, wifi! Vuta mpaka uchoke!"

Lakini kila akiketi, anainuka kwenda kuchungulia kisima. Kamba ya ndoo aliyoiacha marehemu mumewe keshaiunga mara kadhaa ili iyafikie maji yanayozidi kushuka, na kila mara alijidanganya kwamba ni kiangazi tu.

Leo ndoo ilipanda na tope. Kisima kikikauka ndiyo basi tena, hana shamba jingine wala kazi nyingine. Hapo ndipo alipoikumbuka injini. Dumu likiisha ilikohoa, ikazima, na kisima kikapumzika mpaka apate mafuta mengine. Jinsi alivyoyalaani mafuta yale kwa ughali wake! Kumbe ughali huo ndio uliomlindia maji.

Akapanda ngazi, akazifunika paneli kwa turubai. Pampu ikanyamaza. Ng'ambo ya uzio, ya wifi iliendelea kunguruma, ikinywa maji yale yale ya chini ya ardhi. Akabeba ngazi na turubai la pili, akaenda.

"Wifi, nimekuja kufuta kauli yangu. Maji yanaisha."

Wifi akamtazama, kisha akaitazama miche yake michanga. "Umevuta weee, umeshiba. Mimi ndiyo kwanza naanza, unaniambia niache?"

Mama Dizeli akaitazama ile miche. Aliona aibu kwelikweli.

"Usiache," alisema. "Vuta asubuhi tu, mchana tufunike. Pampu yangu haitawaka mpaka maji yapande."

"Na nyanya zako?"

"Nitang'oa zote za huku uzioni, zitakazobaki nitazimwagilia kwa ndoo."

Wifi akaweka jembe chini, akaja kumshikia ngazi.