Maswali Niliyomuuliza Rubani

Nilifundisha fizikia maisha yangu yote ya kazi, na hakuna kosa nililoliadhibu kwa ukali zaidi kuliko kumzungumzisha mwenzako anapofanya kazi. Naliweka hili mwanzoni ili msomaji asinihurumie.

Nilikuwa narudi Bunia kutoka Aru kwa ndege ndogo ya abiria tisa. Kwetu mzee akipanda ndege ya namna hiyo hupewa kiti cha mbele, kando ya rubani, kama anavyopewa kiti cha heshima harusini. Rubani, kijana wa rika la wajukuu wangu, alinivalisha mwenyewe vile vyombo vya masikioni vya kuzungumzia. Hilo ndilo kosa alilolifanya peke yake, yaliyofuata tulishirikiana.

Nilikuwa nimesikia mengi juu ya ndege, hata kwamba dhahabu iliyo ardhini kwetu huipotosha dira. Kwa kuwa siamini la kusikia, niliona ni wajibu wangu kuuliza. Niliuliza juu ya dira, akanijibu vizuri. Niliuliza juu ya radi, akanijibu kwa ufupi. Tulipoanza kushuka, mabati ya Bunia yakimetameta mbele, alichukua karatasi ya ukaguzi na kuweka kidole kwenye mstari. Nikarudi kwenye swali la dira. Aliondoa kidole ili anisikilize, kwa maana nyumbani kwao hakufundishwa kumnyamazisha mtu wa umri wangu. Wakati huohuo mnara wa kuongozea ndege ulikuwa ukituamuru tusubiri hewani. Sauti ile niliisikia hata mimi. Niliona inanikatiza, nikapaza yangu.

Helikopta nyeupe ilikuwa katikati ya njia ya kutua. Kijana aliiona tukiwa tumeshafika chini sana. Alivuta usukani, injini ikanguruma, tukapanda tena, na swali langu nikalimalizia kwa sauti ya mbuzi.

“Papa,” alisema bila kunitazama, “sasa unyamaze.”

Ni amri pekee niliyoitii tangu nistaafu.

Tulitua salama. Kabla ya juma kwisha, mtaa wetu wa Mbunya ulishajua kwamba rubani alikuwa amelewa. Jirani yangu alijua hata aina ya pombe. Uvumi ulifika kwa wenye ndege, nao wakamsimamisha kijana kazi wakisubiri kuamua kama wamfukuze.

Nilivaa koti, nikapanda pikipiki hadi ofisini kwao. Barua ya kijana ya kujieleza ilikuwa mezani, na mkuu wake aliniruhusu kuisoma. Humo kijana alikiri kwamba hakuusikia mnara. Mimi sikutajwa popote. Nikamweleza mkuu kwamba kijana hakuwa amekunywa kitu. Kuna mtu aliyemsumbua kwa maneno njia nzima.

“Ile habari ulisikia kwa nani, Papa?”

“Sikuisikia kwa mtu. Ni mimi niliyekuwa nasema.”

Aliomba niandike ushahidi wangu. Niliandika kurasa tatu, pamoja na mchoro wa viti na maelezo mafupi juu ya dira. Alisoma nusu ya ukurasa wa kwanza, akaukunja, akasema kwamba sasa anaelewa kabisa jinsi mtu anavyoweza kushindwa kuusikia mnara.

Kijana alirudishwa kazini. Safari iliyofuata alinisalimu kwa mikono miwili, kwa heshima zote, akanipeleka mpaka kiti cha nyuma kabisa, kando ya magunia ya samaki wakavu. Nilikuwa na swali moja juu ya mabawa. Nilishuka nalo Aru.